Mikorosho Arobaini Haimtoi Mtu Mahabusu

Kwa mtu akaaye Kibaha, Kisarawe ni jirani katika ramani na ni mgeni katika barabara. Wilaya hizi zimepakana, mkoa wao ni mmoja wa Pwani, mvua izinyesheayo ni moja, na mhogo uliwao huku ndio uliwao kule; lakini asiyekuwa na chombo cha kuvumilia mashimo ya njia itokayo Mlandizi kwenda Mzenga na Maneromango hana budi kuteremka kwanza mpaka Dar es Salaam, abadilishe basi, kisha apande tena kuelekea vilima vya Pugu, mfano wa mtu atakaye kujikuna sikio la kushoto kwa mkono wa kulia aliouzungusha nyuma ya kisogo. Njia hiyo ndiyo niliyoishika Jumamosi moja si zamani sana, nikiitwa na dada yangu, nayo ndiyo iliyonipitisha Ukonga.

Abiria wa njia ile wamekwisha kulizoea gereza la Ukonga hata hawalioni. Konda huita "Magereza!" kwa sauti ile ile ambayo angeitia soko au msikiti, na kwa pumzi isiyokatika sana huita "Mombasa!", maana katika mitaa ya Ukonga pana kituo cha jina hilo, nami sijapata kukutana na mtu awezaye kunieleza kwa yakini ni nani aliyelileta. Siku hiyo, kwa kuwa nilikuwa na sababu ya kuwaza habari za vifungo, majina hayo mawili yaliyoitwa sambamba yalinitia katika tafakuri: Ukonga yetu hapa, na kule Mombasa ya kweli gereza la Shimo la Tewa, nchi mbili zilizotawaliwa na Mwingereza mmoja, zikarithi kanuni za adhabu zilizo ndugu zenye asili ya miaka ya 1930, zikasema lugha moja, na leo zimehitilafiana sana katika hesabu ya watu walioko nyuma ya kuta. Nitazirudia hesabu hizo. Kwanza nieleze dada yangu aliniitia nini.

Dada anakaa katika kijiji kimoja cha Kisarawe kilicho karibu na msitu wa hifadhi wa Kazimzumbwi. Mwanawe wa pili, kijana wa miaka 22, alikamatwa alfajiri akiwa na magunia matatu ya mkaa juu ya baiskeli, hana kibali wala stakabadhi. Simtetei. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 haikufichika, na msitu ule umekwisha kunyolewa kiasi ambacho mtu wa rika langu, aliyeupita utotoni akaliogopa giza lake mchana wa jua kali, leo huupita akaona mwanga upande wa pili. Kijana alifikishwa mahakamani, akasomewa shitaka, akakana, na hakimu, ambaye namshuhudia kwamba hakutoka nje ya sheria hata kwa unywele, akamwambia kuwa dhamana iko wazi. Maneno hayo matatu husemwa kila asubuhi katika mahakama zetu, na ayasikiaye kwa mara ya kwanza hudhani kwamba mlango umefunguliwa. Masharti yalikuwa wadhamini wawili, wakazi wa eneo la mahakama ile, kila mmoja na barua ya utambulisho iliyopigwa muhuri na serikali ya kijiji au ya mtaa wake, kila mmoja na kitambulisho cha taifa, na mmojawapo awe na mali isiyohamishika yenye hati.

Sisi Wazaramo, ambao ukoo wetu tangu kale huhesabiwa kwa upande wa mama, jambo la kijana likiharibika hatumwulizi baba yake. Aulizwaye ni mjomba. "Kaka, kijana wako yuko ndani," ndivyo dada alivyoniambia katika simu, wala hakusema kijana wangu. Niliona haya kumjibu kwamba kiwanja changu chenye hati kiko Kibaha, na kwamba kwa sababu hiyo mjomba hafai kuwa mdhamini wa mpwa wake mwenyewe. Dada ana nyumba ya matofali, ana shamba, ana minazi, ana mikorosho arobaini iliyopandwa na marehemu mama yetu, ambayo katika mwaka wa bei njema imepata kumsomesha mtoto na kuezeka paa kwa msimu mmoja. Hana karatasi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inamruhusu kuwa na hati ya hakimiliki ya kimila, nayo ni hati kamili mbele ya sheria, ila wapimaji hawajafika katika kitongoji chake, na mti wa mkorosho, hata uwe na umri wa kumzidi mwenye shamba, haujui kutia sahihi. Mdhamini wa kwanza tuliyempata alikuwa na namba ya kitambulisho lakini kitambulisho chenyewe kilikuwa hakijatoka. Wa pili alikosa barua, kwa kuwa muhuri wa kijiji ulikuwamo kabatini, ufunguo wa kabati ulikuwamo mfukoni mwa mtendaji, na mtendaji alikuwamo semina. Mwishowe alipatikana mwalimu mstaafu, mcha Mungu, asiyekuwa na nasaba nasi hata chembe, akatoa hati ya kiwanja chake. Zilikuwa zimepita siku kumi na tisa.

Mwezi ule ule, mtaa wa pili kutoka kwangu Kibaha, kijana wa jirani alishitakiwa wizi wa kuaminiwa katika duka la mwajiri wake. Kiasi kilichotajwa kilikuwa milioni kadhaa za shilingi, yaani magunia ya mkaa ambayo baiskeli ya mpwa wangu isingeyamaliza kwa mwaka. Kibaha, kama ajuavyo kila aliyeiona ikipanuka kutoka Mailimoja mpaka Picha ya Ndege na Kwa Mfipa, ni mji wa viwanja vilivyopimwa. Tangu Shirika la Elimu lilipoanzishwa na watu wa nchi za Nordiki katika miaka ya 1960, na zaidi tangu makao ya mkoa na viwanda vilipoufuata, watu wake wamejifunza kuweka hati kabatini pamoja na vyeti vya ndoa. Baba mtu alitoa hati yake, akavuka barabara kwenda kwa mtendaji wa mtaa, akapata muhuri, na kabla ya adhana ya alasiri kijana alikuwa nyumbani anaoga. Sina kinyongo naye. Ndivyo ipasavyo kuwa kwa kila mtu ambaye hajahukumiwa. Lakini waliolala nyumbani na waliolala ndani siku hizo kumi na tisa hawakutenganishwa na uzito wa makosa yao, wala na ukali wa mahakimu wao. Walitenganishwa na wapima ardhi.

Sasa nizirudie hesabu. Desturi ya wataalamu wa mambo haya ni kuhesabu watu walio gerezani katika kila watu 100,000 wa nchi, mahabusu na waliohukumiwa wakichanganywa pamoja. Kwa mizani hiyo Tanzania, katika miaka ya karibuni, huwa baina ya 50 na 60 au karibu yake. Kenya hufikia 100 na kuzidi. Sensa ya mwaka 2022 ilitukuta sisi watu milioni 61.7, na ile ya Kenya ya mwaka 2019 iliwakuta wenzetu milioni 47.6, lakini wao, walio wachache kuliko sisi, wamekuwa wakiweka ndani watu zaidi ya 50,000, na sisi tulio wengi tumekuwa tukipanda na kushuka baina ya 30,000 na 40,000. Aonaye tarakimu hizo kwa haraka hujipongeza. Na apendaye kujipongeza zaidi hutazama mbali: Rwanda, ambako mizani husoma mamia, au Marekani, ambako majimbo mawili ya dola moja, Louisiana na Massachusetts, hutofautiana hata la kwanza likawa na watu kiasi cha 1,000 ndani kwa kila 100,000, na la pili likawa na robo ya hao, ingawa bendera yao ni moja. Wamarekani wamekwisha kuandika mengi juu ya ikhtilafu hiyo, nao wakitafuta sababu hawaendi kwa wahalifu, kwa maana wezi wa Louisiana si mara nne ya wezi wa Massachusetts. Huenda kwa sheria, kwa mahakimu, kwa urefu wa vifungo, na kwa historia ya ardhi na ya utumwa.

Nasi tukiwatazama majirani zetu kwa insafu tutaiona historia kabla ya kuuona uhalifu. Kenya ilikuwa nchi ya walowezi, na walowezi walitaka vibarua, na kwa ajili ya vibarua ikatungwa sheria ya kipande iliyomfanya mtu kuwa mkosaji kwa kutembea tu bila karatasi shingoni. Ikaja Hali ya Hatari ya mwaka 1952, na makambi ya kizuizini, na Hola, ambako mwezi Machi 1959 watu 11 walipigwa mpaka wakafa. Tanganyika nayo ilifunga watu, wakiwamo walioshindwa kulipa kodi, na Idara yake ya Magereza ilitengwa na Polisi mwaka 1931 ili ifanye kazi hiyo kwa utaratibu. Lakini haikuwa na mlowezi mlangoni kwa kila ekari. Uhuru ulipokuja, tabia ya kumtia mtu ndani kwa jambo dogo ilibaki Kenya kama harufu ya moshi inavyobaki katika nguo. Ukaguzi wa mfumo wa haki jinai uliotangazwa huko mwaka 2017 ulidhihirisha kwamba sehemu kubwa ya kesi zilizozijaza mahakama na magereza ni makosa madogo: ulevi, kuzurura, kupika chang'aa, kuuza bidhaa bila leseni. Aghalabu mtu hutozwa faini ndogo, hana, akaingia ndani miezi mitatu, akatoka maskini kuliko alivyoingia.

Basi wao wana wengi walioingia kwa muda mfupi. Sisi je? Hapa ndipo pongezi zetu hukauka mdomoni. Kwa miaka mingi watu waliomo katika magereza ya Tanzania Bara wamekaribia kugawanyika nusu kwa nusu: nusu wamehukumiwa, na nusu ni mahabusu, watu ambao Katiba yetu, ibara ya 13, husema wasitendewe kama wakosaji mpaka ithibitike kuwa wana hatia. Kenya nayo ina mahabusu wengi, tena sehemu isiyopungua sana yetu. Ila wenzetu walikwisha kulitazama jambo hilo machoni, wakaliandika katika Katiba yao ya mwaka 2010, ibara ya 49, kwamba kila aliyekamatwa ana haki ya dhamana kwa masharti ya kiasi, isipokuwa pawe na sababu ya kulazimisha asipewe. Hata mshitakiwa wa mauaji anaweza kuiomba. Na tena kwamba mtu asiwekwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi sita. Mwaka 2015 wakatoa mwongozo wa sera ya dhamana, ukikiri kwa uwazi kwamba masharti makubwa humfunga maskini na kumwachia tajiri. Kutoka hapo ofisa wa probesheni hutumwa kijijini kwa mshitakiwa, akaulize kwa wazee na majirani: huyu mtu ni wa hapa? Ana mke, ana shamba, ana mtoto shuleni? Akiachiwa atakimbilia wapi? Kisha humwandikia hakimu taarifa. Nimeuona utaratibu huo kwa macho ya mtu aliyezurura siku kumi na tisa akitafuta muhuri, nikauonea wivu.

Sheria yetu ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, katika kifungu ambacho mawakili wamekijua kwa miaka mingi kwa namba 148, huorodhesha makosa yasiyo na dhamana kabisa: mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, utakatishaji wa fedha, na mengineyo. Husema pia kwamba ikiwa mali inayobishaniwa imezidi shilingi milioni 10, mshitakiwa atoe nusu yake, taslimu au kwa mali. Wengine wamekwenda mahakamani kukipinga; mwezi Mei 2020 Mahakama Kuu ilikubali kwamba kuwanyima watu dhamana kwa orodha ni kinyume cha Katiba, na kabla Agosti haijaisha Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Basi orodha ikabaki. Kwa orodha hiyo na kwa upelelezi ambao kila tarehe ya kutajwa kesi huelezwa kuwa haujakamilika, masheikh wa jumuiya ya Uamsho walioletwa Bara kutoka Zanzibar wakashitakiwa ugaidi mwaka 2014 walikaa mahabusu mpaka mwezi Juni 2021, ndipo Mkurugenzi wa Mashitaka akasema hana haja ya kuendelea na kesi. Sitaingia katika maoni yao ya siasa wala ya dini. Nahesabu miaka tu, nayo hukaribia saba, na mwisho wake hapakuwa na hukumu, si ya hatia wala ya kuwatoa hatiani.

Bunge halikukaa kimya. Mwaka 2022 liliingiza sharti kwamba kesi isifunguliwe mahakamani kabla upelelezi haujakamilika, ingawa makosa mazito yakaachwa nje ya sharti hilo. Na Tume ya Haki Jinai, iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilimkabidhi Rais taarifa yake mwezi Julai 2023. Hayo ni mema. Lakini wepesi wa magereza yetu, kila yalipofurika, tumeutafuta zaidi katika msamaha wa Rais. Tarehe 9 Desemba 2017, siku ya Uhuru, Rais Magufuli alitoa msamaha uliowagusa wafungwa 8,157, wengi wao wakipunguziwa vifungo, na miongoni mwa waliotoka siku ile walikuwamo Nguza Viking na mwanawe Papii Kocha, ambao nchi nzima ilizikumbuka nyimbo zao. Na siku kama hiyo mwaka 2019 akawasamehe 5,533. Ni rehema, wala simlaumu atoaye rehema. Ila hebu msomaji atulie hapa kidogo. Msamaha, kwa Katiba, hupewa mtu aliyekwisha kuhukumiwa. Mahabusu hawezi kusamehewa, kwa sababu hana kosa. Mwizi aliyethibitika kuwa mwizi huliona jina lake katika orodha, akakunja blanketi lake, akaenda zake. Na jirani yake katika sakafu ile ile, ambaye yawezekana hakuiba kitu abadani, hubaki, kwa kuwa hapana cha kumsamehe. Sijui kama kuna mtunga vitendawili awezaye kutunga kikali kuliko hicho.

Lugha yetu yenyewe ina ushahidi wa kutoa katika shauri hili. Neno gereza tumelipata kwa Wareno, ambao walilitumia kwa kanisa. Ngome zao na makanisa yao yalipogeuzwa na waliokuja baadaye kuwa mahali pa kufungia watu, jina likabaki na jengo na maana ikahama. Ngome ya Kilwa Kisiwani mpaka leo huitwa Gereza, na Ngome Kongwe ya Unguja, iliyojengwa na Waarabu wa Omani mahali palipokuwa na kanisa, ilipata kuitwa hivyo hivyo ikafungiwa watu. Fort Jesus ya Mombasa ilikuwa jela ya serikali tangu 1895 mpaka 1958. Neno mahabusu ni la Kiarabu, na maana yake ni aliyezuiliwa, si aliyehukumiwa. Waliolileta pwani hii walijua tofauti. Sisi tulio warithi wao tumeisahau, hata mtu akipita na pingu hatuulizi kama ni mahabusu au mfungwa, twasema tu "jela" na kumpisha njia.

Wazanzibari wamefanya jambo moja ambalo wengi Bara hulicheka, nami nimekoma kulicheka. Magereza si jambo la Muungano; kila upande una yake, na upande wa pili wa bahari huitwa Vyuo vya Mafunzo, na aliyefungwa huitwa mwanafunzi. Jina halipunguzi unene wa ukuta, nakubali. Lakini askari aliyezoezwa kumwita mtu mwanafunzi kwa miaka ishirini, walau ulimi wake umekatazwa jambo moja.

Ama hali ya ndani, sitasema mengi, kwa kuwa waliokaa huko ndio wa kuisema. Nafasi zilizokusudiwa katika magereza yetu kwa muda mrefu hazikufika 30,000, na nimekwisha kutaja idadi ya waliomo. Ya Kenya imefurika zaidi, hata nyumba moja ikachukua mara mbili ya watu iliyojengewa. Mpwa wangu alisema kwamba walilala ubavu kwa ubavu, akageuka mmoja wakageuka wote, na kwamba usiku hakuna aulizaye nani ni mahabusu na nani amehukumiwa, kwa kuwa sakafu ni moja. Kenya, tangu Moody Awori, waziri wake wa mambo ya ndani, alipoifungua milango ya magereza kwa waandishi na wageni mwaka 2003, ilitia magodoro na televisheni, na gereza la Kamiti likapata kutoa wafungwa waliosomea shahada ya sheria ya Chuo Kikuu cha London wakiwa ndani. Sisi tunajivunia kazi: mashamba ya mpunga na mahindi, kiwanda cha viatu cha Karanga pale Moshi, na agizo la mwaka 2018 kwamba wafungwa wazalishe chakula chao wenyewe. Kazi ni tunu kwa aliyehukumiwa, asije akaoza kwa uvivu. Lakini mahabusu halimi, maana hajahukumiwa kulima. Hasomi, maana hakai kwa muda ujulikanao. Hapangi lolote, maana tarehe yake ya kutoka haimo katika kitabu chochote. Huketi tu. Nikilinganisha watu wote wa magereza ya nchi hizi mbili, ninaona kwamba huyu ndiye aliye taabuni zaidi, na ndiye ambaye mizani ya watu kwa kila 100,000 haimtaji kwa jina lake.

Kwa hiyo sitaki Tanzania ijilinganishe na Kenya kwa wingi wa waliofungwa, maana hapo tumeshinda kabla ya kucheza, na ushindi wa namna hiyo hulevya. Ijilinganishe kwa swali moja: mtu asiyehukumiwa, asiye tajiri, atokaye kijijini, hukaa siku ngapi baina ya hakimu kusema dhamana iko wazi na yeye kutoka? Swali hilo halihitaji tume. Kila mahakama ina kitabu cha siku aliposomewa shitaka, na kila gereza lina kitabu cha siku alipoondoka. Vikutanishwe vitabu viwili. Nina hakika kwamba jibu la Kibaha mjini na jibu la vijiji vya Kisarawe yatakuwa mbali kuliko jibu la Dar es Salaam na la Nairobi.

Na dawa haiko mbali. Tunayo Idara ya Huduma za Uangalizi, ambayo tangu Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 husimamia waliohukumiwa kufanya kazi nje badala ya kufungwa. Ofisa wake ambaye leo huulizwa juu ya mtu baada ya hukumu angeweza kuulizwa juu yake kabla ya hukumu, kama wafanyavyo wenzetu. Hakimu angeweza kuambiwa kwamba mikorosho arobaini, ikishuhudiwa na mwenyekiti wa kitongoji na wazee wawili, ni mali isiyohamishika kuliko nyumba nyingi za mjini, kwa kuwa nyumba huuzwa kwa siri usiku mmoja na mkorosho wa marehemu mama hauuzwi. Wilaya ingeweza kupeleka wapimaji vijijini kwa haraka ile ile ambayo hupeleka doria msituni. Na serikali za vijiji, nawasihi hili kwa unyenyekevu, wekeni ufunguo wa pili wa kabati la muhuri.

Nilirejea Kibaha siku ya pili baada ya mpwa wangu kuachiwa, kwa njia ile ile ndefu, naye ubavuni mwangu, kwa maana mama yake alitaka akae kwangu kwa siku chache mbali na msitu. Alilala njia nzima, kichwa dirishani. Konda alipoita "Magereza!" alifumbua macho, akatazama, akafumba. Kesi yake itatajwa tena mwezi ujao, na magunia matatu pamoja na baiskeli yapo kituoni, kwa kuwa ni vielelezo.